Kibao cha Picha na Kibao cha Ukutani

Kila kazi ya mikono ina mahali pake pa kujaribiwa. Jahazi hujaribiwa majini, wala si juu ya magogo lilikoundwa. Dawa hujaribiwa mwilini, wala si katika chupa. Na kibao cha duka hujaribiwa barabarani, mbele ya macho ya watu wasio na haja ya kusimama. Lakini mwenye jahazi hutoa fedha zake kabla jahazi halijaelea, na mwenye duka hukubali kibao kabla hakijatundikwa. Kati ya kazi na jaribio lake pana muda ambao mtu hana cha kushika ila maneno ya fundi na mfano aliouonyesha. Muda huo ni mfupi, lakini ndani yake uaminifu hujengeka au huvunjika. Makala hii inakusudia kuutazama muda huo katika kazi moja ndogo, ambayo siku hizi hufanywa kila siku mijini kwetu, nayo ni kazi ya kumwonyesha mwenye biashara jinsi nembo yake itakavyoonekana juu ya kibao.

Tuyaeleze maneno kwanza. Nembo ni alama inayosimama badala ya jina la biashara, au ni jina lenyewe lililoandikwa kwa namna yake ya pekee. Kibao ni ubao, bati, kioo au kitambaa cha plastiki kinachoichukua nembo hiyo na kuiweka mbele ya watu. Kielezo, kwa maana tutakayoitumia hapa, ni picha inayoonyesha kibao ambacho bado hakijatengenezwa kana kwamba kimekwisha kutundikwa. Zamani kielezo kilichorwa kwa mkono, na kila aliyekiona alijua kuwa ni mchoro. Leo hufanywa kwa kompyuta. Msanifu hupata picha ya ukuta au ya mbele ya duka, iliyotayarishwa na mtu mwingine, pengine katika nchi nyingine, yenye nafasi iliyoachwa wazi. Huitia nembo katika nafasi ile, na programu huilaza juu ya ukuta, huitia kivuli, huipa mng'ao wa shaba au mwanga wa taa. Kazi ya dakika chache huzaa picha ambayo jicho haliwezi kuitenga na picha ya kitu kilichopo. Picha za namna hii ni nyingi mno, nyingine za bure na nyingine za kununua, hata kazi ya msanifu aghalabu si kuzitengeneza tena, bali kuzichagua.

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Mtu achaguaye kielezo achague kwa kipimo gani? Achague kile kinachoipendezesha nembo kuliko vyote, au kile kinachofanana kuliko vyote na mahali nembo itakapoishi? Na iwapo mambo mawili haya hayapatani, je, anayechagua uzuri amesema uwongo? Swali laweza kuonekana dogo, kwa kuwa kibao ni kitu kidogo. Lakini mambo madogo yana faida hii, kwamba ndani yake mtu huona wazi kanuni ambazo katika mambo makubwa hufunikwa na kishindo.

Nitaanza na jambo nililolishuhudia, ambalo sina haki ya kulisimulia kama mtu aliyekuwa mbali nalo. Mama mmoja wa makamo, jirani yetu wa zamani, alifungua duka la dawa Ngamiani, mjini Tanga. Alikuwa ameweka akiba miaka mingi, na alitaka duka liwe na sura ya heshima. Kijana mmoja msanifu, mwenye kipaji cha kweli, alimtengenezea nembo: jani moja lililochorwa kwa mistari myembamba kama unywele, na chini yake jina la duka kwa herufi nyembamba vilevile, za rangi ya kijani cha majani machanga. Kisha akamwonyesha kielezo. Ulikuwa ukuta wa mawe meusi yaliyosuguliwa, katika njia nyembamba ya mji wa Ulaya, wakati wa magharibi, baada ya mvua. Hapakuwa na waya wa umeme, wala mti, wala mtu. Nembo ilikuwa imegeuka shaba, na nyuma ya herufi zake ulitoka mwanga laini wa manjano. Mama alitazama kwa muda, akauliza, "Mwanangu, hili ndilo duka langu?" Kijana akajibu, "Ndiyo, mama. Hivi ndivyo litakavyokuwa." Mama akanigeukia mimi, kwa kuwa aliniita mtu wa vitabu, akataka shauri. Nami nikasema kwamba picha inapendeza. Nilisema kweli, maana picha ilipendeza. Lakini sikuulizwa juu ya picha.

Kibao kilitengenezwa kwa kitambaa cha plastiki kilichochapwa na kuvutwa juu ya fremu ya chuma, kwa sababu bei ya shaba na taa za nyuma haikukaribia uwezo wa mama yule. Kilitundikwa chini ya upenu wa bati, nyuma ya nyaya tatu za umeme na tawi la mwarobaini, kikaelekea magharibi. Asubuhi kilikuwa kivulini; alasiri jua lilikipiga usoni hata kikawa cheupe kitupu. Aliyepita kwa miguu upande wa duka hakukiona, kwa kuwa kilikuwa juu ya kichwa chake. Aliyepita upande wa pili aliona doa la kijani. Usiku mmoja mtu aliyembeba mtoto mwenye homa alipita mbele ya duka lile mara mbili akilitafuta, na duka li wazi, mpaka muuza kahawa wa pembeni alipomshika mkono akamwonyesha mlango. Mtoto alipona, na habari ile ikasimuliwa mtaani kwa kicheko. Mama hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani ile picha mliyonionyesha ilikuwa ya wapi?" Alisema mliyonionyesha, kwa wingi, na wingi ule ulinihusu.

Watetezi wa kielezo kizuri wana hoja zao, na haki inataka zisikilizwe. Hoja ya kwanza ni kwamba kitu kisichokuwapo hakiwezi kusingiziwa. Mwongo husema kilichopo hakipo, au kisichokuwapo kipo. Lakini msanifu husema juu ya kitakachokuwapo, na juu ya wakati ujao binadamu hana ila matumaini. Hoja ya pili ni kwamba mwenye biashara anajua kuwa anatazama picha, wala hakuna aliyetoka akaenda kuutafuta ukuta ule wa mawe. Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wanasema kwamba kuionyesha nembo peke yake juu ya karatasi nyeupe si kuonyesha ukweli zaidi, kwani hakuna nembo inayoishi juu ya karatasi nyeupe. Karatasi nayo ni mahali, tena mahali penye upendeleo: haina vumbi, haina kivuli, wala haina duka la jirani linalopiga kelele kwa rangi nyekundu. Anayekataa vielezo vyote kwa kuogopa uwongo hukimbilia uwongo mwingine uliovaa kanzu nyeupe.

Hoja hii ya tatu naikubali yote, na kwa sababu hiyo sitasema kwamba vielezo viachwe. Mwenye biashara si lazima awe na jicho lililofundishwa kuona kisichokuwapo. Kumnyima kielezo ni kumwambia anunue mbuzi ndani ya gunia. Lakini hoja ya kwanza haisimami. Ni kweli kwamba hatuna elimu ya wakati ujao, na kwa sababu hiyo hasa wazee wetu walisema ahadi ni deni. Mtu hadaiwi kwa kilichopita peke yake. Hudaiwa pia kwa kile alichomfanya mwenziwe akitumainie.

Tena tutazame jinsi lugha yetu inavyosema juu ya kisichokuwapo. Twaweza kusema duka litakuwa hivi, au lingekuwa hivi, au lingalikuwa, au laweza kuwa, au huenda likawa. Kila umbo la kitenzi hupima kiasi chake cha ahadi, na msikilizaji mwenye akili husikia tofauti na kujua kiasi cha kutegemea. Picha haina maumbo hayo. Picha haina -nge-, wala haijui kusema labda. Kila kilichomo ndani yake husema kwa sauti moja kwamba kipo. Kwa hiyo kadiri kielezo kinavyozidi kufanana na kitu halisi, ndivyo kinavyozidi kusema "hivi ndivyo litakavyokuwa", hata kama aliyekitengeneza amekaa kimya. Mchoro wa kalamu ulikuwa na unyenyekevu wa asili. Mistari yake iliyotikisika ndiyo iliyokuwa labda yake. Kompyuta imeuondoa unyenyekevu ule na haikuweka kitu mahali pake. Basi ni wajibu wa mtu kulirudisha neno lile kwa kinywa chake.

Na alirudishe wapi? Katika kielezo cha kibao mna mambo matatu yaliyochanganywa. La kwanza ni nembo, yaani umbo la alama na herufi, na hii ni kazi ya msanifu, naye anaweza kuiahidi bila ya sharti. La pili ni maada ya kibao, ikiwa ni shaba, mti, bati au plastiki, na mwanga wake. Jambo hili limo katika mkono wa fundi wa vibao na katika mfuko wa mwenye duka, wala msanifu hawezi kuliahidi ila kwa kutaja bei. La tatu ni mahali: ukuta, njia, jua, mvua, miti, majirani. Jambo hili hakuna hata mmoja wao aliye bwana wake. Msanifu ni mwenye mamlaka juu ya theluthi moja tu, lakini picha humpa sauti juu ya mambo yote matatu. Yule mama alipotazama ukuta wa mawe hakuweza kujua ni wapi ahadi inapokoma na ni wapi pambo linapoanza. Hakudanganyika kwa kufikiri kwamba picha ni duka. Alidanganyika kwa kutojua ni sehemu gani ya picha itakayomfuata nyumbani.

Na hoja ya pili, kwamba kila mtu anajua kuwa picha ni picha, ilijibiwa tangu zamani. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, anasimulia mashindano ya wachoraji wawili wa Kigiriki, Zeuxis na Parrhasius. Zeuxis alichora zabibu zilizofanana na zabibu hasa hata ndege wakazirukia. Kisha kwa majivuno akamtaka Parrhasius aliondoe pazia ili mchoro wake nao uonekane. Kumbe pazia lenyewe ndilo lililokuwa mchoro, na Zeuxis akakubali kushindwa. Waswahili husema macho hayana pazia. Parrhasius aliyatilia macho ya mwenziwe pazia la rangi tupu. Nasi tukumbuke kwamba aliyedanganyika pale hakuwa mjinga. Alikuwa fundi mkubwa, tena alikuwa katika mashindano ya kudanganya macho, naye alijua. Elimu ya kwamba kuna picha haikumkinga. Mambo yakiwa hivyo kwa bingwa, tutamlaumuje muuza dawa?

Mtu aweza sasa kudhani kwamba nakusudia kusema kila kinachopendezeshwa kwa ajili ya macho ni hila. La hasha. Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo kwa jina la Msofisti, alitofautisha sanaa mbili za kufanya mifano. Moja hufuata vipimo vya kitu chenyewe kwa haki. Ya pili hubadili vipimo ili kitu kionekane sawa kwa mtazamaji, kama wafanyavyo wachongaji wa sanamu kubwa, ambao hulikuza kichwa kwa kuwa kiko mbali na jicho. Plato aliitilia shaka sanaa hii ya pili. Lakini kuna hadithi nyingine, iliyoandikwa na Tzetzes wa Bizanti katika karne ya 12, inayoonyesha upande wa pili wa jambo. Phidias na Alcamenes walipewa kazi ya kuchonga sanamu mbili za Athena zitakazowekwa juu ya nguzo ndefu. Sanamu ya Alcamenes, ikiwa chini, ilikuwa nzuri na laini. Ya Phidias ilikuwa na midomo iliyopanuka na pua iliyotutumka, na watu walikaribia kumpiga mawe. Sanamu zilipopandishwa juu, ile ya Alcamenes ikawa kichekesho, na ile ya Phidias ikaonekana kwa uzuri wake wote.

Hadithi hii yatupa ufunguo. Phidias alibadili vipimo na hakuwa mwongo. Alcamenes hakubadili kitu na kazi yake haikuwa kweli mahali pake. Tofauti yao ni swali la jicho la nani. Alcamenes alichonga kwa ajili ya jicho la waamuzi waliosimama karibu; Phidias alichonga kwa ajili ya jicho la mtu atakayepita chini ya nguzo baada ya waamuzi kwenda zao. Katika kazi ya nembo macho haya mawili yapo vilevile. Liko jicho la mnunuzi, aliyeketi ofisini mbele ya kioo cha kompyuta, ametulia, ana kikombe cha chai, naye ametayarishwa kupendezwa. Na liko jicho la mpitaji, aliye juu ya pikipiki au ndani ya daladala, mwenye haraka, mwenye jua usoni, ambaye kibao hakikulipiwa naye wala hakuombwa shauri. Kielezo hutengenezwa ili kimpendeze wa kwanza. Kibao hutengenezwa ili kimsaidie wa pili. Kosa la kielezo cha uwongo ni kwamba humfungia mpitaji nje ya chumba ambamo mambo yake yanaamuliwa. Yule mtu aliyembeba mtoto usiku hakuwamo katika picha ya ukuta wa mawe, na hakuwamo kwa sababu tuliiona picha kuwa nzuri zaidi bila ya watu.

Wako waliotangulia kuijua njia iliyo bora. Mwingereza Humphry Repton, aliyezaliwa mwaka 1752 na kufariki mwaka 1818, alikuwa msanifu wa bustani za mashamba ya wakubwa. Alipopewa kazi, alimtengenezea mwenye shamba kitabu ambacho, kwa rangi ya jalada lake, kilijulikana kama Kitabu Chekundu. Ndani yake alichora kwa rangi za maji mandhari ya shamba, na juu ya mchoro alibandika kipande cha karatasi chenye kufunuka. Kikiwa kimelala, mwenye shamba aliona mahali palivyo. Kikifunuliwa, aliona mahali panavyopendekezwa kuwa. Picha zote mbili zilikuwa za shamba lake mwenyewe, si za shamba la mtu mwingine lenye kilima kizuri zaidi, naye aliweza kutoka mlangoni na kuipima ile ya kwanza kwa macho yake. Hata hapo pana mtego, kwani mkono uliochora kesho ndio uliochora leo, na mkono huo waweza kulitia wingu la leo weusi kuliko lilivyo. Lakini msingi ni mwema: kielezo kianze na mahali pa mwenyewe.

Mfano wa pili ni wa vibao vyenyewe. Uingereza ilipoanza kujenga barabara zake kuu za magari ya mwendo wa kasi, serikali iliunda mwaka 1957 kamati ya kushauri juu ya vibao vyake, na kazi ya kuvisanifu akapewa Jock Kinneir, akisaidiwa na Margaret Calvert aliyekuwa mwanafunzi wake. Hawakuridhika na meza ya kuchorea. Walivijaribu vibao vyao katika maegesho ya magari yaliyo chini ya ardhi, kisha wakavipeleka Hyde Park mjini London, wakaviegemeza kwenye miti, wakarudi nyuma kupima ni umbali gani herufi husomeka na ni rangi gani inafaa kuwa nyuma yake. Vibao vya kwanza viliwekwa katika barabara ya Preston, iliyofunguliwa Desemba 1958. Baadaye David Kindersley, fundi wa kuchonga herufi, alipinga herufi zao na kuleta zake. Maabara ya utafiti wa barabara haikuliamua shauri hilo kwa picha. Iliwaketisha watu wa jeshi la anga juu ya jukwaa katika kiwanja cha ndege cha Benson, na magari yenye vibao juu ya paa yakaendeshwa kuwaelekea, ili ijulikane ni kibao gani kinachosomeka mapema. Herufi za Kindersley zilitangulia kwa tofauti ndogo, na kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo, sura nayo ilipewa neno katika uamuzi, zikachukuliwa zile za Kinneir na Calvert. Vibao vyao vilianza kutumika katika barabara zote za nchi ile tarehe 1 Januari 1965.

Mimi napata mafunzo mawili hapa. Kwanza, uzuri haukufukuzwa. Ulipewa zamu yake, nayo ilikuwa baada ya jaribio, si kabla yake. Pili, jaribio la kweli hufundisha mambo ambayo karatasi haiwezi kuyasema. Herufi zile zilichorwa kwa unene wa namna mbili, nene zaidi kwa maandishi meusi juu ya weupe, na nyembamba kidogo kwa maandishi meupe juu ya rangi nzito, kwa sababu herufi nyeupe inayong'aa gizani huonekana kuvimba. Mtu asiyetoka nje usiku hawezi kulijua jambo hili kwa kutafakari.

Basi mtu achaguaye kielezo afanye nini? Nadhani kanuni moja yatosha, nayo ni hii: achague kielezo ambacho nembo yaweza kushindwa ndani yake. Ushahidi usioweza kumtia mshitakiwa hatiani hauwezi kumtakasa pia. Ukuta wa mawe meusi, njia yenye maji ya mvua na mwanga wa shaba huipendezesha nembo yoyote, mbaya na nzuri. Kwa hiyo havisemi lolote juu ya nembo hii. Lakini picha ya ukuta ule ule wa duka lile lile, iliyopigwa kutoka upande wa pili wa njia, saa ambayo wateja hupita kwa wingi, pamoja na nyaya zake na mwarobaini wake, ni shahidi anayeweza kukataa. Kuipata si kazi ngumu, kwani siku hizi kila simu ina kamera, na programu inayoiweka nembo juu ya ukuta wa Ulaya yaweza kuiweka juu ya ukuta wa Ngamiani. Mafundi wa vibao wana makadirio yao, kwamba herufi yenye kimo cha inchi 1 husomeka vizuri kwa umbali wa futi 10 hivi. Basi katika njia yenye upana wa futi 60 herufi inataka inchi 6, na kielezo kiionyeshe kwa ukubwa huo, si kwa ukubwa wa kupendeza. Wanajua pia kwamba picha zilizochapwa kwa bei nafuu na kukaa juani huishia kuwa za buluu, kwa kuwa nyekundu na manjano hutangulia kuondoka, na kwamba hewa ya chumvi haina huruma kwa chuma. Na iwapo msanifu ataka kuonyesha pia kielezo cha fahari, aonyeshe, lakini aseme kwa kinywa chake kwamba huu si ukuta wako, na shaba hii ina bei hii.

Najua jibu la kijana wa kazi. Atasema kwamba mwenziwe ataonyesha njia ya Ulaya wakati wa magharibi, naye ataonyesha upenu wa bati lenye kutu, na mnunuzi atakwenda kwa mwenziwe. Ni jibu la mtu mwenye njaa, na si haki kulipuuza kwa methali. Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini sokoni twaona vibaya vingi vikijitembeza mpaka vikanunuliwa. Kwa hiyo sitaahidi kwamba ukweli utamlipa. Nitasema tu kwamba hasara yenyewe haigawanywi sawasawa: msanifu hupoteza kazi moja, lakini mwenye duka aliyedanganyika hupoteza akiba ya miaka, na mpitaji hupoteza njia. Zaidi ya hayo, ziko sehemu mbili za lawama zisizomwangukia kijana. Moja ni ya mnunuzi apendaye kusifiwa, ambaye angeuliza picha ni ya wapi kabla ya kulipa, kuliko kuuliza baadaye. Nyingine ni yetu sisi walimu na wasomi. Tunapompa mwanafunzi alama za juu kwa sababu kazi yake imeletwa ndani ya vielezo vya fahari, tunamfundisha kuchonga kama Alcamenes, kwa ajili ya jicho lililo karibu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini mkakasi haukujipamba wenyewe.

Mama yule alikishusha kibao chake mwaka uliofuata. Alimwita mchora vibao wa mtaani, mzee mmoja mwenye ngazi na makopo matatu ya rangi, na kijana msanifu naye alikuja, akashika ngazi. Mzee hakuanza kwa kuchora. Aliuliza, "Mama, wateja wako wengi hutokea upande gani?" Hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuliuliza swali hilo. Kisha akakata herufi moja katika karatasi ya kalenda iliyopita, akaipaka masizi, akaibandika ukutani, chini kidogo ya mahali kibao cha kwanza kilipokuwa, akavuka njia, akasimama karibu na muuza kahawa, akakunja jicho. Akarudi, akakata nyingine kubwa zaidi, akavuka tena. Ya tatu ndiyo aliyoikubali. Lile jani la nembo lilibaki, lakini mistari yake ilinenepeshwa kwa shauri la kijana mwenyewe.

Karatasi ile ya kalenda ilikuwa kielezo. Haikuwa na mng'ao wala kivuli cha kutengenezwa, na hakuna ambaye angeiweka katika kitabu cha kazi zake. Lakini ilikuwa ukutani pake, katika jua lake, mbele ya wapitaji wake, na ilipewa ruhusa ya kushindwa mara mbili kabla ya kukubaliwa. Kwa sababu hiyo, ilipokubaliwa, neno lake lilikuwa na thamani. Mimi sikuulizwa shauri siku ile, na niliona kuwa ni haki.